Maswali ya Wasomaji: Je, muongozaji wa video ya muziki ni msanii?

Swali: Mhariri, je, muongozaji wa video hubuni chochote, au humpiga picha tu mwimbaji aliyependeza?

Jibu: Hubuni, ndugu msomaji, na ushahidi ninaoupenda zaidi ni video ya "Around the World" ya Daft Punk, kundi la muziki wa elektroniki, iliyoongozwa na Mfaransa Michel Gondry mwaka 1997. Badala ya kusimulia kisa, aliipa kila ala kundi lake la wachezaji: wanariadha hupanda na kushuka ngazi wakilifuata besi, waliovaa kama mifupa hulifuata gitaa, waliovishwa kama maiti za Misri ya kale huzifuata ngoma, nao maroboti huifuata sauti ya kuimba. Miondoko ilipangwa na Blanca Li. Hata asiyejua muziki huona jinsi wimbo ulivyojengwa, jambo ambalo magari ya kifahari yanayoonyeshwa katika video nyingine hayawezi kamwe kumwonyesha.