Vyungu vya Miti ya Matunda na Baridi ya Julai

Mwaka wa kwanza nilipoanza kupanda miti ya matunda kwenye vyungu hapa Uthiru, Nairobi, nilikuwa na miche mitano: miembe miwili ya kuunganishwa, mparachichi wa aina ya Hass, mlimau na mti mmoja wa matunda damu (tree tomato). Ilipofika katikati ya Agosti, mwembe mmoja ulikuwa umekauka, na wa pili umebakiwa na majani manne yaliyokunjamana pembeni. Niliilaumu baridi, kama ambavyo kila mtu niliyemweleza alivyoilaumu, hadi siku nilipouchomoa ule uliokufa ili nikitumie chungu chake kwa sukumawiki. Udongo wa chini ulinuka kama mtaro uliozibika. Nilipovuta mzizi mmoja kwa vidole, ganda lake lilichomoka lote kama soksi, nikabaki na uzi mwembamba mkononi.

Mwembe huo haukufa kwa baridi peke yake. Nilikuwa nimeunywesha maji kila jioni, kopo zima, kama nilivyokuwa nikifanya mwezi wa Februari, na chini ya chungu nilikuwa nimeweka sahani ili maji yasichafue sakafu. Usiku wa Julai hapa Nairobi joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na siku ambazo mawingu hayafunguki kabisa, mchana wenyewe huenda usifike nyuzi 20. Mwembe ni mti wa sehemu za joto kama Makueni na pwani; joto likiwa chini ya nyuzi 15 karibu unasimama kukua. Mizizi iliyosinzia hivyo hunywa kidogo sana, na majani nayo, kwa kukosa jua, hayapotezi maji mengi hewani. Kwa hiyo maji yote unayoongeza hukaa pale pale, yakaifukuza hewa iliyomo kwenye udongo, kisha ukungu unaoozesha mizizi ukapata makao. Mti huanza kunyauka, nawe kwa huruma unauongezea maji.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuziondoa sahani zote ifikapo Juni na kuacha kumwagilia kwa mazoea. Chomeka kijiti kikavu kwenye udongo hadi urefu wa kidole, ukiache kwa dakika chache, ukitoe. Kikitoka na udongo ulioganda, mti hauhitaji kitu. Mimi siku hizi hukiinua chungu kidogo upande mmoja, kwa kuwa mkono ukishazoea hutambua uzito wa chungu kilicholowa na wa kile kilichokauka. Kuna majuma ambayo mlimau wangu hupata maji mara moja tu, nayo huwa ya asubuhi, wala si ya jioni. Vyungu vyenyewe huvikalisha juu ya vipande vya matofali, kwa sababu sakafu ya saruji huwa baridi usiku kucha na tena huziba matundu ya kutolea maji. Jihadhari pia na chungu kikubwa kupita kiasi. Mche mdogo uliowekwa kwenye pipa huzungukwa na udongo mwingi ambao mizizi yake haijaufikia, na udongo huo haukauki.

Jambo la pili lilinichukua miaka miwili kuling'amua, na naona aibu kidogo kulisema kwa kuwa nimefundisha jiografia. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kiasi cha nyuzi moja na ushei ya latitudo, kwa hiyo mwezi wa Desemba jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, na mwezi wa Juni hupita kaskazini. Roshani yangu inatazama kusini. Nilinunua miche Desemba, jua likiwa limetanda sakafu nzima, nikaamini nimepata mahali pazuri. Kufikia Julai roshani hiyo hiyo ilikuwa kivulini kutwa. Ndipo nilipovihamishia vyungu kwenye ngazi za nyuma zinazotazama kaskazini, penye ukuta uliopakwa chokaa ambao hupokea jua lile dogo linalojitokeza alasiri. Mlinzi wa jengo alinisimamisha siku ya kwanza: "Mwalimu, hii ngazi si shamba." Tulikubaliana vipangwe upande mmoja tu ili watu wapite, na tangu mlimau uanze kuzaa, hakuna lawama niliyoisikia tena.

Kwa upepo, hasa kwa mti wa matunda damu ambao mizizi yake haiendi mbali na matawi yake huvunjika upesi, vikusanye vyungu pamoja vikingane, na mti ufungwe kwenye kijiti cha kuutegemeza kwa kitambaa laini badala ya waya. Kuvizungushia vyungu gunia husaidia kiasi. Kuufunika mti mzima kwa nailoni, jambo ambalo wengi hulikimbilia, mimi silipendi: unyevu hunasa ndani, majani yanayogusa nailoni hupata madoa, na jua likichomoza ghafla mti huungua.

Wenzetu wa Limuru na Kinangop wana tatizo ambalo sisi wa mjini kwa kawaida hatulijui, nalo ni jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu usiku. Huko kifuniko ni cha lazima usiku ambao anga haina mawingu na upepo umetulia. Tumia gunia au shuka kuukuu lililotandazwa juu ya vijiti ili lisiguse majani, liwekwe kabla ya giza na liondolewe jua likishapanda. Majani yakiungua, usikimbilie mkasi, bali subiri machipukizi yaonyeshe mahali uhai ulipoishia.

Mbolea ya chumvichumvi niliiacha kabisa kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa huchochea majani mororo wakati mti hauna nguvu ya kuyakomaza. Huanza tena mwezi wa Septemba, kidogo kidogo, baada ya kuona chipukizi. Hapo pia ndipo miti hurudi kwenye jua kali kwa hatua, kwanza kwa muda wa saa mbili au tatu asubuhi, na baada ya wiki moja au mbili ndipo ikae kutwa.

Mwembe uliosalia ulitoa majani mapya mekundu mwishoni mwa Septemba, baada ya kuubadilishia udongo na kukata mizizi yote iliyooza. Sahani yake ya zamani sasa inabeba vitunguu jikoni.