Muhali na Oili ya Gari: Namna ya Kumwamini Fundi kwa Haki

Magari mengi ya Unguja huchakaza oili kwa miezi kabla ya kuichakaza kwa kilomita. Kutoka mjini hadi Nungwi hakufiki kilomita 70, na wengi wetu hata huko hatuendi ila kwa harusi au maziko. Siku zetu za kawaida ni kutoka Fuoni kwenda Malindi, kupitia Darajani kununua kitoweo, kisha kurudi nyumbani, na mara nyingi injini huzimwa kabla haijapata moto sawasawa. Kila injini inapowashwa ikiwa baridi, petroli kidogo na mvuke wa maji hupenya na kuingia kwenye oili. Safari ndefu ingevitoa vyote kwa joto, lakini safari fupi huviacha humo humo, vikachanganyika na masizi, vikazaa asidi, na mwishowe likawa tope jeusi linaloziba njia nyembamba za oili. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba gari lake halijatimiza kilomita 5,000 tangu mwaka juzi, na kwamba halina haja ya kumwagwa oili, humsihi afungue mfuniko wa kujazia oili autazame kwa ndani. Akikuta utando wa rangi ya maziwa, na maji ya rejeta hayapungui, basi ule ni unyevu wa safari fupi uliokosa moto wa kuukausha.

Kitabu cha Toyota cha magari ya petroli yasiyo na turbo yanayouzwa Japani hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kisha huongeza sharti ambalo wauzaji na mafundi wetu hawalitaji: kwa matumizi magumu muda huo hukatwa nusu, yaani kilomita 7,500 au miezi 6, kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. Safari fupi za kila siku na barabara za vumbi zinahesabiwa katika matumizi hayo magumu, na sisi tunavyo vyote viwili. Mimi nimejiwekea kilomita 5,000 au miezi 6, kwa kuwa gari langu, IST ya injini ya 1NZ-FE, lilitumika miaka mingi kwa wenyewe kabla halijapandishwa meli kuja kwetu.

Lakini shida kubwa zaidi ya tarehe ni gereji yenyewe. Hapa kwetu fundi huwa ni jirani, au mtoto wa shangazi, au mtu aliyesoma na kaka yako, na ukimuuliza maswali huona unamtuhumu. Tunaoneana muhali. Tunamwachia ufunguo asubuhi, tunarudi alasiri, tunalipa, tunashukuru, na hakuna anayejua kilichofanyika chini ya gari. Mimi ni mwanamke, na kwa muda mrefu niliona pia kwamba kukaa gereji katikati ya wanaume si mahali pangu, nikawa namtuma mtu. Sasa nashika rai nyengine kabisa: kazi ya oili na filta ifanyike mwenye gari akiwapo, awe mwanamme au mwanamke, na lifanywe kuwa jambo la kawaida kwa kila fundi, awe ndugu au mgeni, ili asitokee wa kuona kwamba ametiliwa shaka yeye peke yake.

Nitaeleza kilichonifikisha kwenye rai hiyo. Kuna gereji moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikilihudumia gari langu kwa muda. Kila mara nililipia oili na filta, na kila mara niliambiwa vyote vimebadilishwa. Siku moja gari lilivuja kidogo, nikalipeleka kwa fundi mwengine aliye karibu na nyumbani. Akaingia chini na taa, kisha akaniita niangalie mwenyewe. Filta iliyokuwa imefungwa pale ilikuwa imeota kutu pembezoni, na juu yake yalisomeka maandishi ya Kijapani yaliyofifia, ya filta iliyokuja na gari kutoka Japani. Ilikuwa imefutwa kwa kitambaa upande ule tu unaoonekana ukifungua boneti. Alipoifungua, oili iliyotoka ndani yake ilikuwa nzito na nyeusi, na ringi yake ya mpira ilikuwa imekauka hata ikabaki imeganda kwenye injini, ikabidi aibandue taratibu kwa ukucha.

Ni muhimu kuelewa hasara ya jambo hilo, kwa sababu wapo mafundi wanaosema kwa nia njema kabisa kwamba filta inaweza kusubiri zamu ya pili. Ndani ya filta mna karatasi iliyokunjwakunjwa inayokamata uchafu, na mna vali ndogo ambayo hufunguka karatasi ikishaziba, ili injini isikose oili kabisa. Vali hiyo ikifunguka, oili hupita bila ya kuchujwa, na dereva hapati ishara yoyote, kwani taa ya oili kwenye dashibodi huwaka pale mgandamizo unaposhuka tu, haiwaki kwa uchafu. Isitoshe, filta ya zamani hubaki na oili chafu ndani yake, na hiyo huchanganyika na mpya injini inapowashwa. Kwa injini ya 1NZ-FE kitabu kinataja lita 3.7 ukibadilisha filta na lita 3.4 usipoibadilisha, na tofauti hiyo ya lita 0.3 ndiyo oili chafu unayoirudisha kwenye injini kwa pesa yako mwenyewe.

Takwimu hizo zina faida nyengine. Galoni ya oili inayouzwa madukani kwetu mara nyingi ni ya lita 4, na mafundi wengi huimimina yote. Ikizidi sana, krankishafti, yaani ile shafti inayozunguka ndani ya injini, huipiga oili ikafanya povu, na povu haliwezi kulainisha vyuma. Mwambie fundi amimine lita 3 kwanza, kisha aongeze kidogo kidogo huku akipima kwa kijiti, na oili inayobaki kwenye galoni irudi nyumbani na wewe, kwa kuwa ndiyo utakayoongezea baadaye ikipungua. Fundi anayekukabidhi galoni ile bila ya kuombwa, akakuonesha na kijiti, ameshakueleza mengi juu ya kazi yake.

Kuhusu aina ya oili, utasikia gerejini kwamba nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo inataka oili nzito ya 20W-50. Namheshimu anayesema hivyo, kwa kuwa magari aliyojifunzia yalitaka oili hiyo, lakini kwa injini za VVT-i, yaani zenye mfumo wa kubadili wakati wa kufunguka kwa vali, siafikiani naye. Namba iliyo kabla ya W inaonesha oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ile ya pili uzito wake ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Injini ikishapata moto, joto lake hulindwa na themostati, liwe gari liko Jambiani au liko Japani kwenye theluji. Mfumo wa VVT-i husukumwa na oili kupitia njia nyembamba, na oili nzito huchelewa kufika, hasa asubuhi, wakati injini inapoihitaji zaidi. Mimi natumia 5W-30, ambayo kitabu cha gari kinairuhusu. Ikiwa injini imechoka na inakula oili, unaweza kushauriana na fundi kupanda daraja moja, si kuruka moja kwa moja hadi 20W-50.

Tazama pia herufi za API, yaani daraja za oili za Taasisi ya Petroli ya Marekani, nyuma ya galoni. SN ilitoka 2010 na SP ikatoka 2020, na zote mbili zinafaa kwa magari tunayoyapokea kutoka Japani. Ukiona SF, fahamu kwamba daraja hiyo imekusudiwa injini zilizotengenezwa kabla ya 1989, hata kama galoni inang'aa na bei inavutia. Nunua oili na filta mwenyewe, kwenye duka la spea ambalo mwenyewe utamkuta siku ya kurudi, na udai risiti. Kagua lakiri ya mfuniko, na galoni ikiisha usiache ikiwa nzima, kwa kuwa galoni tupu zenye jina kubwa hununuliwa na watu wa kujaza wasichokijua.

Siku ya kazi nenda asubuhi, isiwe Ijumaa, ili kazi isikatwe na adhana filta ikiwa imefunguliwa nusu. Gari liwe na moto kiasi, kwa sababu oili ya moto hutoka na uchafu wake. Mimi huandika tarehe na kilomita kwenye filta mpya kwa kalamu ya rangi kabla ya kumkabidhi fundi, na mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa fundi wangu wa sasa aliniuliza:

"Mama, huniamini?"

"Nakuamini, mwanangu. Naandika ili hata ukipata udhuru, atakayekuja baada yako ajue pa kuanzia."

Akacheka, na tangu hapo yeye ndiye anayeniletea filta ya zamani kwenye kipande cha gazeti kabla sijaiulizia.

Kipo kitu kidogo ambacho kimeharibu sampu nyingi kisiwani, yale makarai ya oili chini ya injini, nacho ni boliti ya kumwagia oili. Inataka spana namba 14 na mkono wa wastani, na washa yake, kile kipete cha kuzuia uvujaji, inafaa kubadilishwa kila mara kwa kuwa bei yake ni ndogo sana. Kijana mwenye nguvu akiikaza kwa bomba refu, hesi za sampu hufa, kisha huanza kufungwa kwa uzi na gundi. Nikiona bomba linachukuliwa nasema hapo hapo, kwa adabu lakini bila ya kusita.

Angalia vilevile oili chafu inakwenda wapi. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, maji hupenya upesi, na maji tunayoyanywa, ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, na ya visima vya majumbani, hutoka chini ya ardhi hiyo hiyo. Gereji inayomwaga oili mchangani nyuma ya banda inaniudhi kuliko gereji yenye bei ya juu, na nimeshawahi kuacha kwenda mahali kwa sababu hiyo peke yake. Fundi mwenye pipa la kukusanyia hupata pia wanunuzi, kwa hiyo hana hasara yoyote.

Gereji mpya usianze kuipa kazi kubwa. Ipe oili na filta, ukae kwenye benchi, utazame kama wanafuta mdomo wa kujazia kabla ya kufungua, kama wanapaka oili kidogo kwenye ringi ya filta mpya, kama wanawasha injini na kuangalia chini kabla ya kukurudishia ufunguo. Fundi aliyeniambia kwamba plagi zangu bado zinafaa, wakati angeweza kuniuzia nyengine, ndiye niliyempa baadaye kazi ya breki na ya gia boksi. Hiyo ya gia boksi ina mambo yake, na oili zake hazichanganywi kiholela, hasa kwenye magari ya CVT, yaani yenye gia boksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia, ambayo hutaka oili yake maalumu.

Ukifika nyumbani, andika kwenye daftari tarehe, kilomita, aina ya oili na jina la fundi, kama Wajapani wanavyoandika kwenye vibandiko vyao kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Vibandiko hivyo usivibandue, ila tambua kwamba mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya enzi zao, ambapo Heisei 30 ni 2018. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha injini na gari likiwa mahali tambarare, vuta kijiti, kifute, kirudishe, ukivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili, na chini ya gari pawe pakavu. Ikiwa imepungua au pana tone, mpigie fundi siku hiyo hiyo, wala usisubiri miezi 6.