Draiva ya grafiki kwenye laptopu ya zamani: mpya zaidi si lazima iwe sahihi

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ni mashine za ofisi: EliteBook 840, Latitude E7440, ThinkPad T430. Kabla ya kuuzwa hufutwa na kuwekewa Windows upya, na hapo ndipo draiva ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya grafiki, husahaulika. Mashine inawaka vizuri, video inacheza, mteja anaridhika. Jioni akifungua PES, wachezaji wanatembea kama wamo ndani ya uji.

Anza kwa kuangalia kilichopo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Device Manager", kisha fungua "Display adapters". Ukikuta maandishi "Microsoft Basic Display Adapter", mchawi umeshampata: mashine haina draiva kabisa, kadi ya grafiki imekaa bure, na prosesa inachora kila kitu peke yake. Hali hiyo ikirekebishwa, tofauti itaonekana hata kwa asiyejua kompyuta. Lakini ukikuta jina kamili, mfano Intel HD Graphics 4000, punguza matumaini. Kutoka draiva ya miaka michache nyuma hadi ya mwisho, faida kubwa ni kwamba gemu iliyokuwa inagoma sasa inafunguka, au kioo kinaacha kumetameta. Kasi huongezeka kidogo tu, na mara nyingine haiongezeki.

Jina likiwa halina namba, bofya kulia juu yake, ingia "Properties", kisha "Details", na kwenye orodha uchague "Hardware Ids". Utaona herufi kama VEN_8086&DEV_0166. VEN ni kiwanda: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. DEV ndiyo kadi yenyewe: 0166 ni HD 4000, 0A16 ni HD 4400, 1616 ni HD 5500, 1916 ni HD 520. Herufi hizi hazidanganyi, tofauti na stika iliyobandikwa pembeni ya kibodi.

Ukishaijua kadi, tafuta draiva kwanza kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa kutumia namba ya mashine iliyo chini yake, halafu linganisha na ya mtengenezaji wa kadi. Achana na programu zinazojitangaza kuwa zitasasisha draiva zote kwa kubofya mara moja. Nyingi huleta matangazo, hudai malipo, na huweza kukuwekea draiva ya kadi nyingine.

Kwa Intel, kizazi cha prosesa ndicho kinachoamua. HD 3000, iliyomo kwenye mashine za 2011 kama ThinkPad T420, inaishia DirectX 10.1 (DirectX ni njia ambayo gemu za Windows hutumia kuzungumza na kadi). Gemu inayodai DirectX 11 haitafunguka hata upakue draiva ya aina gani, kwa sababu uwezo huo haumo kwenye chipu. HD 4000 ya 2012 ina DirectX 11, na toleo lake la mwisho lina namba inayoishia na 5161. Kuanzia HD 520 hadi kadi za kizazi cha 10, namba huanza na 31.0.101, na tangu Julai 2022 Intel ilizihamishia kwenye kundi la kadi za zamani, ambalo halipati zaidi ya marekebisho ya usalama na hitilafu kubwa. Usitegemee draiva maalumu kwa ajili ya gemu mpya iliyotoka wiki hii.

HD 4400 na 4600, yaani kizazi cha 4, zina mtego wao. Kuanzia toleo 15.40.44.5107, Intel iliondoa DirectX 12 kwenye kadi hizo kwa sababu ya tundu la usalama. Mtu anasasisha kwa nia njema, kesho yake gemu inamwambia kadi yake haina DirectX 12, wakati jana ilikuwa inacheza. Draiva ya 15.40.42.5063 au iliyotangulia huirudisha, lakini hurudisha na tundu lile. Kabla ya kurudi nyuma, jaribu kuilazimisha gemu itumie DirectX 11. Kwenye Steam, programu ya kununulia na kufungulia gemu, bofya kulia jina la gemu, ingia "Properties", na kwenye "Launch Options" uandike -dx11. Si gemu zote zinaitii amri hiyo, ila ikikubali umeokoa jioni nzima. Na kusema kweli, gemu nyingi za DirectX 12 ni mzigo mzito mno kwa HD 4400.

Tatizo jingine la Intel ni kisakinishi kukataa na kudai kwamba draiva haijathibitishwa kwa kompyuta hii. Maana yake ni kwamba mtengenezaji wa laptopu ameweka draiva yake na kisakinishi kinaiheshimu. Pakua faili la zip badala ya exe, lifungue kwenye folda, kisha rudi "Device Manager". Bofya kulia kadi, "Update driver", "Browse my computer", "Let me pick", halafu "Have Disk". Ielekeze kwenye folda ya Graphics na uchague faili la inf. Kwa HD 4000 linaitwa igdlh64.inf. Kioo kitazima na kuwaka mara moja au mbili. Usiguse kitufe cha kuzima. Laptopu ya mtumba yenye betri iliyochoka umeme ukikatika hapo katikati, utajikuta unaanza upya, kwa hiyo siku ya mgao si siku ya kazi hii.

Mwenye NVIDIA aangalie kizazi, si jina. GeForce 820M ni ya familia ya Fermi, na mwisho wake ni 391.35 ya 2018. Kadi za laptopu za familia ya Kepler ziliishia 425.31 ya 2019. 940M na 940MX ni za familia ya Maxwell, na tawi la 580 ndilo la mwisho kuzihudumia kwa draiva za gemu. Kwa AMD, kadi za mwanzo za familia ya GCN kama R5 M330 ziliishia 22.6.1. Laptopu za 2011 hadi 2013 zenye Intel na AMD kwa pamoja ziache na draiva ya aliyetengeneza laptopu, hata kama ni kongwe: kadi hizo mbili hufungwa kwenye kifurushi kimoja, na ukiweka ya AMD peke yake unaweza kupoteza mojawapo.

Kwenye mashine yenye kadi mbili, weka ya Intel kwanza, washa upya, ndipo uweke nyingine. Halafu nenda "Settings", "System", "Display", "Graphics", ongeza gemu yako na uchague "High performance". Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu NVIDIA wakati gemu inaendeshwa na Intel muda wote.

Programu ya kufuta draiva, DDU, si ya kutumia kila mara. Itumie pale draiva ya zamani inapokataa kuondoka, au kadi inapoonyesha kosa la "Code 43" hata baada ya kusakinisha upya. Pakua draiva unayoitaka kwanza, zima intaneti, ingia "Safe Mode" (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu), futa, washa upya, sakinisha, ndipo urudishe intaneti. Ukiiacha intaneti wazi, Windows Update itawahi kuweka draiva yake kabla yako. Kwenye Windows Pro unaweza kuizuia moja kwa moja: fungua Start, andika gpedit.msc, tafuta "Do not include drivers with Windows Updates" na uiwashe.

Sasa lile ambalo muuza draiva hatakuambia. Kadi ya ndani ya Intel haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya kompyuta na kupigania njia hiyo hiyo na prosesa. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR3L-1600 kinapitisha 12.8 GB kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba vinapitisha 25.6. EliteBook 840 G1 ina nafasi mbili, na mara nyingi huuzwa na kijiti kimoja cha GB 4. Kuongeza cha pili cha ukubwa uleule kunaisaidia HD 4400 kuliko draiva yoyote. Hakikisha kimeandikwa PC3L, ile L ikimaanisha volti 1.35. Cha volti 1.5 kikiwekwa kwenye mashine za kizazi cha 4, kioo kinaweza kubaki cheusi ukadhani umeiua.

Chaja nayo: Dell isipoitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa, na hakuna draiva inayotibu hilo. Vumbi kwenye feni na gundi ya joto iliyokauka vina dalili ya peke yake: gemu inaenda vizuri dakika 10, kisha inaanza kukatakata. Na ukishusha kutoka 1366×768 hadi 1024×576, kadi inabakiwa na pikseli 589,824 za kuchora badala ya 1,049,088. Picha itakuwa na ukungu kidogo, lakini mpira utafika golini kwa wakati.

Pima kabla na baada kwa fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde: Steam ina kihesabu chake kwenye "Settings" zake, sehemu ya "In Game". Tumia mechi ileile, uwanja uleule, na chaja ikiwa imechomekwa mara zote mbili. Namba zikishuka baada ya kusasisha, rudi "Device Manager", kwenye "Driver" ubonyeze "Roll Back Driver". Kioo kikiganda cheusi huku feni inazunguka, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva itaanza upya bila kuzima mashine. Isipoitika, shikilia kitufe cha kuwasha hadi izime, fanya hivyo mara mbili au tatu Windows ikiwa inaanza kuwaka, na itakupeleka yenyewe kwenye ukurasa wa matengenezo, ambapo utaingia "Safe Mode" na kuiondoa draiva hiyo.