Barua kwa mwanangu kuhusu ile filamu

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka Tudor. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kama umekosea kuifurahia The Da Vinci Code, ile filamu inayodai kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena na kwamba undugu wa siri unailinda habari hiyo, maana kiongozi wenu wa vijana hapo parokiani Nairobi amesema Mkatoliki wa kweli hawezi kuitazama akastarehe. Hukukosea, mwanangu. Mimi mwenyewe naipenda, na kila Jumapili niko misani pale Holy Ghost.

Naipenda kwa jinsi fumbo linavyozaa fumbo. Mzee wa makumbusho ya Louvre anauawa usiku, na kabla ya kukata roho anaulaza mwili wake mwenyewe uwe ishara. Halafu kuna kile kichombo chenye pete za herufi: ndani mna karatasi ya mafunjo na kichupa cha siki. Ukizipanga herufi sawasawa, kinafunguka. Ukikivunja, kichupa kinapasuka na siki inaila karatasi pamoja na siri yake. Aliyebuni hicho ni fundi, nami nampa haki yake. Naye mwigizaji Ian McKellen, yule mzee wa mikongojo, akianza kueleza mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci huwezi kubanduka, hata ukijua anakupoteza.

Na anakupoteza kweli. Anayemwita Maria Magdalena ni Yohana, aliyechorwa kijana asiye na ndevu kama wachoraji wa Italia wa enzi hizo walivyozoea. Injili ya Filipo anayoitaja iligunduliwa Misri mwaka 1945, na pale inaposema Yesu alimbusu Magdalena, karatasi imetoboka. Alimbusu wapi, haisomeki. Ule undugu wa siri, Priory of Sion, uliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na mtu aitwaye Pierre Plantard, kisha nyaraka za kuufanya uonekane wa kale zikapenyezwa katika maktaba ya taifa kule Paris. Na yule mtawa muuaji, anayeonyeshwa kuwa wa Opus Dei, lile shirika la Kikatoliki? Opus Dei haina watawa. Watu wake ndio walioanzisha chuo cha Strathmore hapo hapo kwenu. Siku moja pita uone kama utakutana na mtu wa joho lenye kofia.

Nayajua yote haya na bado raha yangu haipungui. Unakumbuka bibi yako? Hakuanza kusimulia mpaka aseme "Paukwa!" nanyi muitike "Pakawa!" Hapo kila mtoto alijua zimwi linakuja, na kwamba halitamla. Riwaya iliyozaa filamu hii, ya mwaka 2003, haikupiga paukwa. Ukurasa wake wa mwanzo unadai kwamba undugu ule ni wa kweli, tena wa tangu 1099. Hilo linaniudhi hasa, na hapo namwelewa kiongozi wenu. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba uungu wa Yesu ulipigiwa kura kwenye Mtaguso wa Nikea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ilhali Paulo alishauandika kwa Wafilipi, sura ya pili, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mtaguso huo. Kwa hiyo usibishane naye kwa hasira. Mwulize ni jambo gani hasa linalomtia hofu, kisha mfungue Biblia pamoja.

Wewe ukiitazama tena, ipigie paukwa mwenyewe, ukae ustarehe.

Desemba ukija nyumbani tutaitazama wote. Kesho yake nitakupeleka Fort Jesus nikusimulie kisa ambacho hakikubuniwa na mtu: Sultani Yusuf bin Hasan, aliyebatizwa na kulelewa na Wareno kule Goa, akarudishwa Mombasa kutawala, na mwaka 1631 akamuua kapteni wa ngome na kurudi kwenye Uislamu. Natamani sana mmoja wenu, nyinyi vijana, akitengenezee filamu.

Mama yako