Mtoto mwenye uoni hafifu kuambiwa ahame shule: niliyoyapitia na mwanangu

Dada yangu wa Kigamboni, umeeleza kwamba mwalimu mkuu amekushauri umhamishe binti yako mwenye uoni hafifu kwa kuwa shule haina mwalimu wa elimu maalumu, na umeuliza kama una haki ya kukataa. Haki hiyo unayo. Mwanangu ana hali hiyohiyo, yuko darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali huku Temeke, nami niliambiwa maneno kama hayo alipokuwa darasa la pili.

Wakati huo hata mimi nilidhani ni mvivu, na inaniuma hadi leo kwamba nilimgombeza. Kilichonifumbua macho ni daftari la Hisabati. Jioni moja niliazima la mtoto wa jirani anayesoma naye, nikayaweka mawili sambamba mezani. Mwenzake alipoandika 38, mwanangu alikuwa amenakili 33. Penye 6 aliandika 0. Kisha akajumlisha namba zake mwenyewe bila kukosea hata moja. Ukurasa mzima ulijaa alama za kosa, na chini yake wino mwekundu ulisema "ongeza bidii". Hesabu alikuwa anaziweza, ubao ndio alikuwa hauoni.

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Sina neno baya juu ya shule zinazopokea watoto wenye ulemavu, kama Buguruni Viziwi au Uhuru Mchanganyiko, kwani zipo familia ambazo bila shule hizo watoto wao wasingesoma kabisa. Ila kwenda huko uwe uamuzi wenu baada ya mtoto kupimwa, usiwe njia ya shule kutua mzigo.

Mara tatu nilikwenda shuleni kuzungumza kwa mdomo, na mara tatu nilijibiwa "tutaliangalia". Mara ya nne nilipeleka barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha ripoti ya kliniki ya macho inayoeleza kwamba miwani peke yake haimalizi tatizo lake, nikapeleka nakala kwa afisa wa elimu maalumu wa manispaa, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Sikuandika "naomba msaada". Niliandika kwamba akae dawati la mbele katikati, mbali na mwanga wa dirishani; aruhusiwe kusogea ubaoni bila kuadhibiwa; mwalimu atamke anachoandika; na majaribio yake yachapwe kwa maandishi makubwa. Mwalimu wake, aliyekuwa na watoto wengi mno darasani, aliniambia kwamba hakuna aliyewahi kumweleza afanye nini hasa, na kuanzia wiki ile alianza kusoma kwa sauti kila mstari. Ndiyo maana nakusihi usimwendee mwalimu kwa shari, kwa sababu mara nyingi naye ameachwa peke yake.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni la mitihani ya taifa. Baraza la Mitihani huandaa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini haya hayaji yenyewe, kwani lazima shule ioneshe hali ya mtoto inapomsajili. Mwanangu alipokuwa akisajiliwa kwa upimaji wa darasa la nne, jina lake lilikuwa limeingizwa kama la mtoto asiye na hitaji lolote, na nisingejua kama nisingeomba kuiona orodha kabla haijatumwa. Ilirekebishwa siku ileile.

Kwa hiyo usimhamishe bado. Mpeleke kwanza akapimwe, uandike barua yako, na utakapokwenda kuipeleka beba pia daftari lake la Hisabati pamoja na la mwenzake, uyafungue yote mawili mbele ya mwalimu mkuu kwenye ukurasa wa tarehe moja.