Shangazi, nyumbani wanadhani nimekuja Uingereza kutafuta pesa

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 19, kwetu ni Makueni. Huu ni mwezi wa nane niko kaskazini mwa Uingereza kwenye misheni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni. Nyumbani waumini ni mimi na mama tu. Nilipokuwa naondoka kijiji kilinichangia, nikanunuliwa suti mbili, koti na sanduku. Sasa kila nikifungua simu ni maombi: mdogo wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, mabati ya jikoni yanavuja, mjomba anataka pesa za kuanzia pikipiki. Nikisema sina, wanacheka. Baba mdogo ana rafiki yake Birmingham, ananiambia nitoroke niende kwake, kuna kazi ya kutunza wazee. Huku tunahubiri nyumba kwa nyumba, tunafungiwa milango kutwa, na kwa miezi minane tumebatiza mtu mmoja. Usiku sifikirii maandiko, nafikiria Birmingham. Nishauri. – Mzee wa Miaka 19"

Marahaba, mwanangu. Jina ulilojipa limenichekesha kabla sijaufikia uchungu wa barua. Msomaji asiyejua asidhani ni utani: katika kanisa hilo kijana wa kiume akiwa misheni huitwa Mzee, ndevu ziwe zimeota au bado, na jina hilo hulibeba kifuani kwenye kibao cheusi. Binti huitwa Dada, afadhali yake. Na sasa baba mdogo anataka Mzee akatunze wazee.

Mimi si wa kanisa lenu na sina mpango wa kuingia. Chai peke yake ingenishinda. Miaka kadhaa iliyopita wawili wenu walibisha langoni kwangu saa nane mchana, jua la kukaanga samaki. Mmoja Mzungu aliyebabuka pua, mwenzake Mkongo wa Lubumbashi. Nikawaweka barazani, nikawatilia chai ya maziwa, nikawapa na mahamri. Chai hawakuigusa. Mimi mtu wa pwani, mgeni akikataa chai yangu naona amenitukana, na uso wangu haujui kuficha. Yule Mkongo akaniomba radhi polepole, akaeleza kwamba chai na kahawa hawatumii, ila kama kuna maji ya moto na tangawizi, atashukuru. Mahamri waliyamaliza yote. Walipokuwa wakivaa viatu kuondoka ndipo nikaona soli ya Mkongo imetoboka, na ndani amepachika kipande cha katoni kilichokatwa kwa umbo la mguu wake. Suti safi, tai imenyooka, chini katoni.

Kwa hiyo mimi nakuamini ukisema huna. Waliokuzaa hawajaiona soli.

Nimejaribu kuwaza mama yako anaona nini. Anaona picha. Wewe na suti nyeusi, koti hadi magotini, nyuma yako jengo la mawe lililosimama kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Nani amewahi kupanda ndege, akavaa tai kila siku, akakosa mshahara? Wewe mwenyewe ndiye uliyezituma picha hizo, wala sikulaumu. Kijiji kilichonunua suti kina haki ya kuiona imevaliwa. Lakini ukishatuma picha ya namna hiyo, ukafuatisha neno moja "sina", ujue "sina" ya mtu aliye majuu husikika huku kama "sitaki".

Wape hesabu kamili. Waambie misheni haina mshahara hata wa shilingi moja. Waambie kwamba kijana wa Marekani, familia yake ndiyo inayomlipia, kiasi cha dola 500 kila mwezi tangu 2020, na nyinyi wa kwetu hutoa kile kinachowezekana, kinachobaki hujazwa na mfuko wa kanisa. Yaani unafanya kazi ambayo wewe ndiye unayelipa. Nilipomweleza jirani yangu jambo hili aliniuliza mara tatu kama nimesikia vizuri. Waambie una posho ya chakula na nauli, na ikipungua wiki ya mwisho mnakula mayai. Taja kiasi chenyewe. Aibu ya kutaja namba ndiyo inayokunyima usingizi.

Na usiandike, piga simu. Zamani mlikuwa mkiruhusiwa kupiga nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Tangu Februari 2019 mnaruhusiwa kila wiki, tena kwa video, siku yenu ya kufua nguo na kununua vitu, ambayo kwa wengi ni Jumatatu. Itumie. Usisimame mbele ya kanisa. Kaa kitandani, geuza simu, zungusha polepole: vitanda viwili, mashati ya jana yananing'inia, jokofu, dawati mnalosomea asubuhi. Mfungulie mama jokofu. Mwenza wako, yule mmisionari uliyepangwa naye, anatakiwa kuwa nawe kila mahali isipokuwa chooni, atakuwepo na hilo, lakini hapa una bahati ambayo wenzako wa Utah, kule Marekani yaliko makao makuu ya kanisa lenu, hawana: Kiswahili hakijui, na Kikamba ndiyo kabisa. Lia ukitaka.

Baba mdogo mpigie peke yake. Usimjibu ndani ya kundi la WhatsApp la familia, huko mtu mzima akibishiwa na kijana hana njia ya kurudi nyuma. Mwamkie vizuri, mpe heshima yake, kisha mwambie hivi: "Baba, nimekusikia na najua ni kwa mapenzi. Viza yangu imedhaminiwa na kanisa kwa kazi ya dini. Nikiondoka, mdhamini anatakiwa kuiarifu serikali." Ndivyo ilivyo. Na jioni hiyohiyo mwenza wako atakuwa ameshapiga simu kwa rais wa misheni, mkuu wenu huko. Kuhusu hiyo kazi ya kutunza wazee, muulize rafiki yake kama anajua kwamba tangu 2024 mwajiri wa Uingereza anayekutwa na mfanyakazi asiye na kibali anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kichwa kimoja, mara ya kwanza tu. Mwajiri mwenye akili hatakugusa. Atakayekugusa ni yule anayejua huwezi kwenda polisi, na huyo ndiye atakayepanga ulipwe ngapi, na lini, na kama utalipwa. Nimepata barua za kutosha za watu waliolala kwenye makochi ya "rafiki wa ami". Sitazirudia hapa.

Kuna jambo lingine sitaki nikupite nalo. Barua yako ina mistari mingi ya pesa na mstari mmoja wa milango, na mimi nadhani Birmingham inakuvuta zaidi kwa sababu ya milango. Mtu anayeona kazi yake inazaa hahesabu nauli ya kukimbia. Wakuu wako lazima wamekusimulia habari za Gordon Hinckley, kwa kuwa upo mlemle alimopitia. Mwaka 1933, akiwa na miaka 23, alipelekwa misheni kutoka Utah hadi Preston, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Miti na nyasi zilimpiga mafua ya chavua, watu hawakumsikiliza, akamwandikia baba yake kwamba anapoteza wakati wake na pesa za mzee. Baba akajibu kwa kifupi: jisahau, kafanye kazi. Kijana akabaki, na kuanzia 1995 hadi alipofariki 2008 ndiye aliyekuwa rais wa kanisa lote.

Kisa kizuri, na wewe wataendelea kukusimulia. Mimi sikupi ushauri wa yule baba. Mwanawe alikuwa anasumbuka kwamba anatumia pesa za nyumbani; wewe unasumbuliwa na nyumbani wanaodhani unazo. Mtu hawezi kujisahau wakati simu inamkumbusha kila saa. Lakini shika sehemu ya pili ya habari za huyohuyo Hinckley, ambayo husimuliwa mara chache. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa mikopo ya masomo kwa vijana wa nchi maskini, hasa waliorudi kutoka misheni wakakuta nyumbani hakuna njia. Mwulize rais wa misheni leo, usingoje mwezi wa mwisho, utaratibu wake Kenya ukoje. Ukimwambia mama "nikirudi nitaomba mkopo wa chuo, nimeshauliza", hilo ni jibu analoweza kumpelekea jirani.

Karo ya mdogo wako si yako kwa sasa. Najua limekuchoma, lisome tena. Mama ni muumini, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mnafunga milo miwili na kutoa sadaka ya kuwasaidia wenye shida. Sadaka hiyo iko mikononi mwa askofu, yaani kiongozi wa kusanyiko lenu, au rais wa tawi kama kusanyiko lenu ni dogo, ndilo mnaloliita tawi. Amwendee. Siahidi atapata karo, pengine atapata unga na pesa ya unga ndiyo iende shuleni. Mama zetu huona haya kuomba kanisani huku wakimwomba mtoto aliye ng'ambo bila haya yoyote; hilo nalo mwambie, kwa upole.

Je, ukishafanya haya yote bado moyo umegoma? Rudi nyumbani. Wapo wanaorudi kabla ya miezi 24 ya misheni kwisha, kwa ugonjwa, kwa msongo, kwa kuona tu haiwezekani, na watu wa kanisa lako wengine watawatazama kwa jicho la pembeni, sikufichi. Lakini anayerudi kwa kuongea na rais wa misheni anapewa tiketi na anashuka Nairobi akiwa na pasipoti safi. Siku moja anaweza kuomba viza nyingine. Aliyetokea dirishani kwenda Birmingham hana siku hiyo.

Wale waliokuchangia suti hukuwakopa. Ulipewa. Ukirudi wapelekee habari, wakae chini ya mwembe uwasimulie mvua inayonyesha siku nne mfululizo na bibi kizee aliyewafungia mlango kisha akafungua tena kuwauliza kama mna njaa. Kama hajatokea, ngoja, atatokea. Mimi mwenyewe nilikuwa huyo.

Halafu Jumatatu, ukishamwonyesha mama vitanda na jokofu, usikate simu. Chukua kiatu chako, kigeuze, mwonyeshe soli.