Kisigino kinauma asubuhi: mfupa ukatwe, au ninunue kiatu gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina miaka 46. Tangu muhula uliopita kisigino cha kulia kinanisumbua. Nikiamka siwezi kukanyaga, natembea nimeshika ukuta hadi chooni. Baada ya muda kinaachia, ila jioni kinarudi. Nilipiga eksirei nikaambiwa kuna mfupa umeota, mwiba wa kisigino. Wapo wanaonishauri nikaukate, wapo wanaosema ninunue raba laini za bei kubwa. Kazini navaa simple, nyumbani natembea peku kwenye malumalu. Je, mfupa huo ndio unaouma? Kiatu kizuri nitakitambuaje kwenye mitumba, maana cha dukani sikiwezi? Pia ninaishi na mama mkwe mwenye kisukari. Ana magaga, na sugu zake anazikata kwa wembe. Nimnunulie viatu gani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, udaktari mnanipa bure, lakini visigino vya walimu, manesi na walinzi ndivyo ninavyovishika kila siku.

Hiyo safari yako ya chooni imeshanijibia nusu ya swali. Maumivu makali kwenye hatua za kwanza, yanayolegea ukishatembea kidogo, kisha yanarudi ukiinuka baada ya kukaa sana kusahihisha madaftari au mwisho wa siku ya kusimama, kwa mtu wa umri wako na kazi yako mara nyingi ni ya utando wa unyayo. Huo ni mkanda mgumu unaoanzia chini ya mfupa wa kisigino, upande wa ndani, na kutandaa hadi mashina ya vidole. Kitaalamu tatizo lake linaitwa plantafasaitisi.

Ukitaka kuuona ukifanya kazi, kaa kwenye kiti, kanyaga chini, kisha inua kidole gumba kwa mkono bila kunyanyua mguu. Tao la unyayo litapanda lenyewe. Hicks, mtaalamu wa Uingereza, aliueleza mvuto huo mwaka 1954: kila unapopiga hatua vidole hukunjika kuelekea juu, utando unakazwa, na mguu unakuwa mgumu wa kutosha kukusukuma mbele. Sasa hesabu saa unazosimama kwenye sakafu ya saruji, weka na vigimbi vilivyokaza vinavyovuta kisigino kutoka nyuma. Utando unachoka pale pale unapojishika kwenye mfupa. Usiku unapumzika umelegea, asubuhi unauvuta ghafla kwa uzito wako wote.

Ule mwiba uache ulipo. Watu wengi wanao na hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja. Huonekana kwa bahati tu wakipigwa picha kwa sababu nyingine. Na wengi wanaoumwa hupona huku mwiba ukiwa bado umekaa mahali pake. Upasuaji upo, lakini ni kwa wachache waliojaribu mengine yote kwa miezi mingi bila nafuu. Wewe hata hujaanza.

Kabla ya habari ya viatu, jipime. Bonyeza kwa dole gumba chini ya kisigino, mbele kidogo, upande wa ndani. Kama hapo ndipo unaporuka, tunazungumza jambo moja. Lakini kama maumivu makali yanakuja ukikibana kisigino kutoka pande zote mbili kwa viganja, huenda mfupa una ufa, na hilo ni la hospitali. Nenda pia kama kinauma usiku ukiwa umelala, kama kimevimba na kina joto, kama kuna ganzi au kuchomachoma, au kama ulisikia kitu kikikatika ghafla. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na kuamka na mgongo uliokakamaa naye asijitibu kwa raba. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa viungo.

Sasa kiatu. Neno “laini” ndilo linalowapotezea watu hela. Unakanyaga raba mbele ya muuzaji, unaona raha, unalipa. Raha hiyo ni ya dakika mbili. Povu laini kupita kiasi linadidimia, kisigino kinayumba ndani, na utando unaendelea kuvutwa kama kawaida. Unachotafuta ni kiatu kilicho kigumu mahali fulani na kinachokubali mahali fulani, na hilo linajulikana kwa mikono kabla mguu haujaingia. Bana sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino: isibonyee kirahisi. Shika ncha na nyuma ukikunje: kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, chini ya tao, kirudishe kwenye rundo. Kisha kisokote kama unakamua nguo. Kikisokotwa chote, hakina uti. Simple nyingi zinaanguka mitihani yote mitatu, ndiyo maana sikushangaa uliponitajia.

Kiatu kiwe na mwinuko kidogo nyuma, sentimita 2 au 3 hivi. Mwinuko huo unakipa kigimbi nafasi ya kulegea. Usiruke ukaenda kwenye mchuchumio, huko uzito wote unahamia mbele na tutaanza kuzungumzia kidole gumba badala ya kisigino. Kiwe cha kufunga kwa kamba au mkanda, maana kiatu cha kutumbukiza hukaa mguuni kwa sababu vidole vinakishikilia. Kama mkuu wa shule hapendi raba darasani, kiatu cheusi cha ngozi cha kufunga kamba, chenye soli nene ya mpira, kinafanya kazi hiyo hiyo.

Mitumba siipingi. Nimeona viatu vya huko vikisaidia watu kuliko vipya vya dukani. Ila kiatu cha mtumba kimeshamtumikia mtu mwingine, kwa hiyo kikague. Kiweke juu ya meza, inama, kitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, mwenye nacho alikuwa akitembea hivyo na wewe utatembea hivyo. Ingiza mkono ndani upapase. Ukikuta mashimo ya vidole vya mwenzako, soli ya ndani lazima ibadilishwe. Halafu kuna mtego wa raba inayong’aa, soli haijalika hata kidogo, muuzaji anaapa kuwa haijavaliwa. Huenda anasema kweli. Baadhi ya soli hutengenezwa kwa povu la poliyurethani, na povu hilo huharibiwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Miaka ikipita, unakivaa wiki moja, soli inaachia vipande barabarani. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ikinata au ikimeguka, muachie raba yake.

Namba iliyoandikwa usiiamini sana. Fanya hivi: jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, simama juu ya kipande cha boksi, mtu akuchoree miguu yote miwili, ukate. Hicho kipande cha mguu mkubwa zaidi ndicho unachokwenda nacho sokoni. Kitumbukize kwenye kiatu. Kingo zikijikunja, kiatu ni chembamba kwako hata kama namba ni yako. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Wengi ninaowaona na sugu juu ya vidole au ukucha uliozama nyamani hawana ugonjwa wowote, wana kiatu kidogo tu.

Nyumbani ndiko kwenye kosa kubwa, Mwalimu, na nashukuru umelitaja mwenyewe. Malumalu hayana huruma. Tenga jozi moja isiyotoka nje ya mlango, sandali zenye soli nene na mkanda wa nyuma, uziweke pale mguu unapotua ukishuka kitandani. Ndala nyembamba hazisaidii. Yeboyebo nene zenye mkanda, kama zinapita mtihani wa kukunjwa, zinatosha kwa ndani. Soli za ndani zenye tao zinazouzwa kwenye maduka ya dawa anza nazo hizo. Kwa kisigino cha aina yako, za kutengenezewa kwa vipimo vyako mara nyingi hazizishindi za kawaida kiasi cha kustahili gharama yake. Fundi viatu mzuri naye anaweza kukubandikia tabaka la mpira chini ya kisigino kwenye viatu ulivyonavyo. Mpelekee vyote viwili, usije ukawa na mguu mmoja mrefu.

Kiatu peke yake hakiponyi, kinapunguza tu mzigo wakati utando unapata nguvu. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kukanyaga, kaa ukingoni mwa kitanda, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwako mpaka uone utando umesimama kama ugwe chini ya unyayo. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku.

Zoezi la pili ni la nguvu. Kunja khanga iwe msokoto, iweke ukingoni mwa ngazi, vidole vikae juu yake vikiwa vimeinuka na kisigino kining’inie nje. Panda kwa ncha za miguu kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3. Fanya hadi mara 12, pumzika, rudia. Anza na miguu yote miwili, baadaye mmoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha waliofanya zoezi hili walikuwa na nafuu zaidi baada ya miezi 3 kuliko walionyoosha tu, ingawa kufikia mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Ukisikia maumivu kiasi wakati wa zoezi si ajabu. Yakiwa makali kesho yake, punguza.

Jioni, viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda kwa dakika kumi hivi, ukiwa na soksi. Vidonge vya maumivu vya kununua bila kuandikiwa siyo vya kumeza kila siku, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo. Sindano ya kisigino inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa, lakini ikirudiwa rudiwa inaweza kudhoofisha utando hadi ukatike. Mimi naiweka mwisho. Na usinitafute baada ya wiki mbili kusema mazoezi hayafanyi kazi: hili ni jambo la miezi, wengi hupona ndani ya mwaka mmoja.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, kisha mnyang’anye wembe kwa adabu. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuua hisia za miguu. Mtu anajikata na hajui, kokoto linakaa kwenye kiatu tangu asubuhi na hajui. Kwa miguu yake, sugu si uchafu wa kukwangua. Ni alama kwamba hapo panagandamizwa, na chini yake kidonda kinaweza kuwa kimeshaanza. Mpime leo. Afumbe macho, mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidogo kabisa, miguu yote miwili, akuambie kila anaposikia. Akikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake iko hatarini na kliniki ya kisukari ijulishwe. Hata akisikia vyote, miguu ikaguliwe kliniki angalau mara moja kwa mwaka.

Magaga: aoshe kwa maji ya uvuguvugu, uyapime wewe kwa kiwiko, maana yeye anaweza kuungua bila kujua. Kwa sababu hiyo hiyo asiote miguu kwenye jiko la mkaa. Kausha vizuri katikati ya vidole, paka mafuta mazito au krimu yenye yurea kwenye visigino, katikati ya vidole usipake. Jiwe la kusugulia libaki lako.

Kwake mitumba hapana, umbo la mguu wa mtu mwingine litamchubua mahali asipopasikia. Mtafutie kiatu kipya, kipana, chenye kina cha kutosha vidole visiguse juu, kilichofunikwa mbele, chenye ndani laini isiyo na mshono. Siku ya kwanza akivae saa moja tu, avue, umwangalie miguu kama kuna wekundu. Kila akivaa, kiatu kikung’utwe na mkono upite ndani kwanza. Kama vidole vimeshapinda au amewahi kupata kidonda, kiatu cha kununua hakitoshi: ulizia hospitali ya rufaa kama ina karakana ya viungo bandia, huko mafundi waliosomea, wengi wao chuo cha TATCOT pale Moshi, hutengeneza soli za vipimo. Ukikuta kidonda chochote, hata kidogo, hata kama anasema hakiumi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na kama mshahara wa mwezi huu unatosha jozi moja, nunua ya kwake. Wewe una khanga, ngazi na fundi viatu wa kuanzia.